Nyuzi Kumi na Moja Kabatini

Zamani mtu akipanda kizimbani aliulizwa anamwogopa nani, siku hizi anaulizwa namba ya kitambulisho. Aliyekuwa akiliuliza swali lile la zamani, kwa miaka thelathini na mitatu, ni mtu mmoja mrefu mwenye mabega yaliyoinama mbele kama anayesikiliza ukuta wa jirani. Alikuwa karani wa kuapisha mashahidi katika mahakama ya wilaya, na jina lake halisi lilikuwa linajulikana na mkewe na masjala tu. Wengine wote walimwita Mzee Kabati.

Kabati lenyewe lilisimama kushoto kwa meza ya hakimu. Lilikuwa la mbao nyeusi, milango miwili, ufunguo mmoja, na ufunguo huo haukuwahi kutoka kiunoni mwake. Rafu ya juu vilikaa vitabu viwili vya dini mbili kubwa, kimoja katika kitambaa cheupe, kingine katika kitambaa cha kijani. Katikati yao kilisimama kipande cha ubao, kwa sababu mwaka wake wa kwanza kazini walikuja wazee wa pande zote mbili, kila upande na siku yake, kulalamika kwamba kitabu chao kimelaliwa na cha wenzao. Rafu ya pili kilikaa kitabu kidogo cha dini ya tatu, na kadi ngumu yenye maneno ya kuapia wasio na dini, kadi iliyotumika kwa nadra hata wino wake ulikuwa bado unang'aa. Kabla ya kugusa chochote Mzee Kabati alinawa mikono katika beseni. Vitambaa alivifua mwenyewe kila mwisho wa mwezi; mkewe alijitolea mara moja, akajibiwa kwamba hii si nguo, ni kazi ya serikali.

Shule alisoma miaka minne tu. Kilichobaki alikiokota katika hukumu zilizochanika, magazeti ya kufungia sukari, na kamusi aliyoachiwa na hakimu mmoja aliyehamishwa. Watu waliosoma hivyo huwa na tabia moja: hawaamini jambo mpaka wamelihesabu wenyewe. Kwa hiyo alikuwa na daftari. Humo aliandika jinsi watu wanavyoapa. Yupo aliyekishika kitabu kwa ncha za vidole kama sufuria ya moto. Yupo aliyekibusu mara tatu kabla hajaulizwa. Na pale ambapo baadaye ilijulikana kwamba shahidi alidanganya, Mzee Kabati aliweka alama ya msalaba mdogo wa hesabu pembeni. Baada ya miaka kumi alizihesabu alama zake na kukuta kwamba waongo wamegawanyika sawasawa katika rafu zote, bila upendeleo. Alifunga daftari, asimwambie mtu.

Halafu walikuwepo watu wa uzi. Zilikuwa familia ishirini hivi, pengine pungufu, upande wa juu wa mji nyuma ya machinjio. Dini yao haikuwa na kitabu wala jengo. Mjini waliitwa watu wa uzi. Wao wenyewe walijiita vipi, Mzee Kabati hakujua. Mmoja wao akiitwa kutoa ushahidi hakushika kitu cha kabatini. Alichomoa uzi mmoja kwenye pindo la nguo aliyoivaa, akaupiga fundo kimyakimya, ndipo akasema alichojia. Akimaliza aliuning'iniza ule uzi kwenye ukingo wa kizimba, akashuka.

Zamani za ujana wake Mzee Kabati alinunua kibonge cha uzi mweupe akakiweka kabatini, ili watu wale wasiharibu nguo zao. Shahidi wa kwanza kupewa aliugeuzageuza mkononi, akamrudishia. "Uzi wako utasema ya kwako, ndugu yangu." Tangu siku hiyo aliwaacha wachomoe. Na kila mmoja alipoondoka, yeye aliuchukua uzi ukingoni kwa vidole viwili, usije ukafagiwa, akautia katika bahasha ya kaki na kuirudisha rafu ya chini. Hakimu wa enzi hizo alimwona akafurahi. "Hii ndiyo mahakama ya watu wote," alisema. Miaka thelathini na mitatu, nyuzi kumi na moja.

Kisha ikaja sheria. Bunge liliijadili mwaka mzima, na redio ya masjala haikuzimwa. Upande mmoja ulisema dola haina dini, kwa hiyo nyumba ya umma iwe tupu kama kiganja, asiwepo wa kuona chake kimewekwa juu na mwingine chake kimewekwa chini au hakimo kabisa. Upande wa pili ulisema leo wanaondoa vitabu, kesho watatuvua nguo. Dini mbili kubwa, zilizohitaji ubao katikati yao, ziliandamana barabara moja zikishikana mikono. Watu wa uzi hawakutajwa na upande wowote, hata kwa kusingiziwa.

"Mimi naona ni sawa tu," alisema askari wa lango siku moja wakinywa chai ukumbini. "Serikali ni ya wote. Ukileta chako, na huyu alete chake, hapa patakuwa soko."

"Soko pameshakuwa zamani," alijibu mwanamke wa usafi, ambaye kwa ajili ya ndoo yake kubwa ya bati walimwita Mama Ndoo. "Halafu wewe inakuhusu nini? Dini yako ni usingizi."

"Angalau dini yangu haina kelele."

"Ina mkoromo."

Walicheka, kisha wote wawili wakamgeukia Mzee Kabati. "Na wewe mzee unasemaje?"

"Mimi ni wa kufungua na kufunga kabati," alisema.

Jibu hilo alilitoa kwa kila aliyewahi kumuuliza habari za dini, na alijivunia. Aliona kwamba mtu asiyeuliza ndiye anayeheshimu.

Waraka uliofuata sheria ulikuwa wa ukurasa mmoja. Vitu vyote vya dini viandikwe katika orodha, vitiwe sandukuni, sanduku lipigwe lakiri, gari la wizara litapita Ijumaa kulichukua. Kuanzia sasa kila shahidi atainua mkono wa kulia na kusoma kadi. Ile kadi ya rafu ya pili ikapanda juu ya meza, peke yake, inang'aa.

Shauri la kwanza chini ya utaratibu mpya lilisikilizwa Jumanne ya wiki hiyohiyo. Lilikuwa la mtoto. Bibi mmoja, dobi wa hospitali, alikuwa amemlea mjukuu wake tangu mama wa mtoto afariki. Sasa mtoto ana miaka tisa, na baba yake, dereva wa malori ya mbali aliyekuwa haonekani, amerudi na mke mpya na wakili, anamtaka mwanawe. Hakukuwa na shahidi mwingine wa kusema mtoto alikula kwa nani miaka saba. Yule bibi alikuwa mmoja wa watu wa uzi.

Mtoto mwenyewe alikaa benchi la nyuma, soksi moja imepanda na nyingine imeshuka, anaufuata kwa macho mkono wa feni.

"Inua mkono wa kulia, mama, usome maneno haya," alisema Mzee Kabati.

Yule bibi aliitazama kadi. "Siwezi."

"Kama maandishi ni madogo, karani atakusomea," alisema hakimu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mwenye sauti ya chini na mwandiko wa haraka.

"Kusoma najua, mheshimiwa. Kuapa ndiko siwezi."

Wakili wa baba alikuwa ameshasimama. "Mheshimiwa, shahidi anapinga sheria ya nchi mbele ya mahakama yako."

"Mama," hakimu alisema, "sheria hii haikukatazi kuamini unachoamini. Inataka hapa ndani wote tuanzie mahali pamoja."

"Sijasema sheria," alisema yule bibi.

Neno hilo lilipita. Ama hawakulisikia, ama walilisikia wakaliacha, kwa kuwa halikumfaa yeyote. Hakimu aliahirisha shauri mpaka Ijumaa saa tatu asubuhi, na akasema wazi, bila kupaza sauti, kwamba ikifika siku hiyo bibi hajakubali kuapa, ataamua kwa ushahidi wa baba peke yake.

Ukumbini diwani wa upande wa vitabu alikuwa tayari amesubiri na mpigapicha wake. "Bibi, umetutetea sote."

"Nimekutetea lini?" alisema. "Sikujui mimi."

Kijana wa chama cha upande wa sheria mpya naye akamfuata mpaka ngazini, akimweleza kwa upole kwamba dola isiyo na dini ndiyo ngao ya walio wachache kama yeye. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema ana mashuka ameyaloweka tangu alfajiri, akamshika mjukuu mkono, akaenda. Jioni redio ilisema ajuza shujaa amegoma. Redio nyingine ilisema ajuza amepotoshwa. Siku hizi kila mtu ana maoni, mwenye swali hupatikana kwa tochi.

Jumatano mchana sanduku lilifungwa. Mzee Kabati aliandika orodha kwa mkono wake: namba moja mpaka nane vitabu na vitambaa, namba tisa, "Nyuzi za mashahidi, bahasha moja." Askari akayeyusha lakiri, Mama Ndoo akashikilia mshumaa, na kabati likabaki na harufu ya kitambaa na ule ubao wa katikati, ambao waraka haukuutaja.

Ila lile neno lilikuwa limemwingia kama kokoto katika kiatu. *Sijasema sheria.* Kama si sheria, ni nini? Alijaribu kulipuuza mpaka saa nane. Saa tisa alikuwa amesimama mlango wa chumba cha kufulia cha hospitali, kofia mkononi, mvuke unamfunika miwani.

Yule bibi alikuwa anatoa mashuka kwenye kamba za ndani. Hakushangaa kumwona.

"Habari za kazi, dada," alisema Mzee Kabati.

"Kazi ni hizi. Shika huku."

Akampa pembe mbili za shuka. Kukunja shuka ni kazi ya watu wawili. Wanavuta, wanakutana, wanaachana. Walikunja matatu kabla hajapata pa kuanzia.

"Jana ulisema hujasema sheria."

"Ulisikia."

"Nilisikia. Basi ni nini?"

Bibi alivuta upande wake mpaka shuka likalia. "Umetumwa, au umekuja kuuliza?"

"Nimekuja kuuliza."

"Miaka ishirini na sita," alisema, akamjia na pembe zake, akazichukua na za kwake. "Shauri la ukuta wa ghala, ulioanguka ukamuua yule mwashi. Unalikumbuka?"

"Nalikumbuka vizuri."

"Mimi nilikuwa shahidi wa nne. Nilifunga fundo, nikasema nilichokiona. Hukumu ilipotoka nilikaa benchi la nje siku tatu. Ukipita unanisalimia, vizuri kabisa. 'Hujambo, dada.' 'Sijambo.' Unakwenda zako."

"Ulikuwa unangoja nini?"

"Unifungue."

Mzee Kabati alikuwa ameshika pembe za shuka la nne, lakini hakuvuta.

Bibi alimweleza bila haraka, kama anayemweleza mtoto njia ya dukani. Kwao, anayefunga fundo huwa anamfungia yule anayesikiliza. Mambo yakiisha, aliyesikiliza huufungua uzi kwa vidole vyake, mbele ya mwenyewe, na neno linarudi kwa mwenye neno. Mpaka hapo halijarudi. Na mtu hafungi la pili juu ya la kwanza. Akisema, anasema hewa. Ndiyo maana siku ya harusi ya binti yake, mama wa huyu mtoto, neno la mzazi lilitolewa na shangazi. Yeye alisimama mlangoni ameshika viatu vya wageni.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza Mzee Kabati. "Siku tatu umekaa pale. Neno moja tu."

"Anayedai kufunguliwa ni mwongo. Tumelelewa hivyo. Mwongo ndiye mwenye haraka. Msikilizaji huja mwenyewe." Alitikisa pembe zake. "Vuta, kaka, shuka linaburuta."

Alivuta.

"Na wenzako wengine? Wote waliopita kwangu?"

"Wote. Kule kwetu una jina lako. Tunakuita Asiyefungua."

"Nilizitunza," alisema. "Zote kumi na moja. Sikuacha hata moja ifagiwe."

"Najua, Mama Ndoo aliniambia zamani. Ungezitupa tungekuchukia tukapumzika."

Alirudi kwa miguu, na njia nzima alikuwa anamtafuta akilini yule kijana, yeye mwenyewe wa miaka ile, aliyekuwa akipita mbele ya benchi na salamu yake safi. Alikuwa hana ubaya wowote, na hilo ndilo lililomuudhi. Walikuwa na heshima zamani, hakuna anayebisha. Heshima ya watu wanaopishana mlangoni, kila mmoja akisema pita wewe, na hakuna anayeingia kwa mwenzake. Angeweza kuuliza siku yoyote katika siku za miaka ishirini na sita. Alikuwa amehesabu waongo wa rafu zote akashindwa kuuliza uzi ni wa nini.

Alhamisi asubuhi alibisha ofisini kwa hakimu kabla ya vikao. Alieleza kisa chote amesimama. Hakimu hakumkatiza. Alipomaliza, hakimu alivua miwani.

"Mzee, unajua kwa nini niliipenda hii sheria?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Mama yangu aliwahi kuwa shahidi. Mahakama ya mbali huko. Karani akamuuliza unaapa kwa kitabu gani, mama akasema, karani akasema hicho hatuna. Watu wakacheka. Mama alitoa ushahidi sauti inatetemeka, na jaji akaandika kwamba shahidi alionekana hana uhakika. Niliisoma hukumu hiyo mwenyewe, nikiwa chuoni." Alirudisha miwani. "Kabati lako lilikuwa zuri kwa waliomo kabatini."

Miaka ya kustaafu Mzee Kabati alikuwa bado anayatafutia maneno yale jibu.

"Sasa unataka nivunje lakiri ya serikali nikupe kitu cha dini, siku moja kabla ya gari kufika."

"Nataka bahasha moja, mheshimiwa."

"Lete orodha."

Aliisoma mpaka namba tisa, akaweka kidole. "Huu uzi, kwao ni kitu cha dini?"

Angesema ndiyo, sanduku lisingefunguliwa. Angesema siyo, angekuwa anasema asichokijua, yeye ambaye kazi yake ilikuwa kuwaonya watu wasifanye hivyo. "Sijui," alisema. "Miaka yote sikuuliza. Niliandika tu kwa kudhani."

Hakimu alifikiri, akigongagonga kalamu. "Upo mwongozo wa masjala," alisema polepole. "Vitu vilivyosahauliwa na mashahidi hurudishwa kwa mashahidi. Miavuli. Miwani. Mwaka jana tulirudisha meno ya bandia." Akaikata namba tisa kwa mstari mmoja na kutia sahihi pembeni. "Kitu ambacho karani hajui ni nini hakiorodheshwi. Mwite askari aje na lakiri nyingine. Lakini Ijumaa, mzee, mama yule atainua mkono na kusoma kadi kama watu wote. Hilo silipindi."

"Hajawahi kulikataa, mheshimiwa."

Ijumaa saa mbili na nusu, kwenye benchi lilelile la nje, Mzee Kabati alimwaga nyuzi kumi na moja juu ya leso yake. Bibi aliziinamia, mjukuu akachungulia chini ya kwapa lake.

"Huyu ameshakufa," alisema bibi, akigusa wa kahawia. "Huyu pia. Huyu yupo, hasikii vizuri. Huyu alihama." Akaufikia mmoja wa bluu iliyopauka. Hakuuchukua. "Gauni lile lilikuwa na vidoti vyeupe. Nililipenda."

Mzee Kabati aliuokota. Fundo lilikuwa dogo kuliko chembe ya mtama, na miaka ilikuwa imelikausha likawa gumu kama mbegu. Alitoa pini ya karatasi mfukoni.

"Vidole," alisema bibi.

"Vidole vyangu vya kizee hivi?"

"Ungekuja mapema ulikuwa na vya ujana."

Mjukuu alicheka, akafunika mdomo. Mzee Kabati aliliinamia lile fundo. Alilisugua, alilipulizia pumzi ya moto, alilikwaruza kwa kucha ya dole gumba. Saa tatu ikapiga. Wakili wa baba akatokeza mlangoni akaangalia saa yake. Yule dereva naye alitoka akasimama kando, mikono nyuma, akitazama ule uzi. Kikao hakiwezi kuanza mpaka karani aite shauri mlangoni mara tatu, na karani alikuwa amekaa kwenye benchi na uzi.

"Sheria imekaa bungeni mwaka mzima," Mama Ndoo alimwambia askari, akiegemea fagio, "imekuja kukwama kwenye kucha ya mzee."

"Mwache. Asije akaukata."

"Nani kamgusa?"

Saa tatu na dakika kumi na saba fundo lililegea, kisha likawa kitanzi, kisha halikuwepo. Uzi ulibaki na kikunjo kidogo pale lilipokuwa. Alimpa. Bibi aliunyoosha juu ya goti lake kwa kiganja, mara moja, mara mbili, na akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani. Hakumshukuru. Mzee Kabati alisimama, magoti yakalia, akaenda mlangoni kuita shauri.

Kizimbani bibi aliinua mkono wa kulia na kusoma kadi yote, maneno ya serikali, kwa sauti ya kusikika mpaka benchi la nyuma. Mkono wake wa kushoto ulikuwa chini ya ukingo. Aliyesimama mahali pa karani angeweza kuona vidole vikitafuta pindo la gauni, vikivuta, vikipinda. Waraka ulisema karani ataripoti mara moja. Mzee Kabati aliangalia feni. Alipoteremsha macho alimwona hakimu anaandika. Hakimu muda wote huwa anaandika.

Bibi alisema kwa nusu saa. Alisema mtoto alianza shule lini, aliugua nini, anaogopa nini, viatu vya sasa ni namba ngapi. Alisema pia, bila kuulizwa, kwamba baba alikuja mara mbili katika miaka saba, na mara zote mbili mtoto alifurahi. Wakili alikuwa na maswali mengi. Baada ya hilo alibakiwa na machache. Bibi aliposhuka hakuning'iniza kitu ukingoni. Aliondoka kiganja kimefumba.

Gari la wizara lilipita saa sita, likachukua sanduku. Mzee Kabati alisaidia kulibeba. Hukumu ilipangwa kusomwa baada ya wiki mbili, na katika wiki hizo, kila mchana baada ya kazi, alipanda upande wa juu wa mji nyuma ya machinjio na bahasha yake. Wenye nyuzi waliokuwa hai walikuwa wanne. Alikaa vibarazani mwao akihangaika na kucha zake, na waliokuwa hawana haraka walimpa maji. Mmoja alilia. Mmoja alimwambia amechelewa, hautaki tena uzi huo, lakini alikaa pale mpaka fundo likafunguka. Za wafu alizifungulia nyumbani, dirishani, na mkewe akimuuliza anafanya nini akasema anamalizia kazi ya serikali. Alitaka pia kuwauliza wanajiita nani. Aliuliza. Wakamwambia, na alipolitamka jina hilo walimsahihisha mara tatu. Aliliandika katika daftari lake la zamani, baada ya ukurasa wa alama.

Hukumu ilisomwa Ijumaa. Mtoto akae na bibi yake. Likizo aende kwa baba. Dereva alimpeleka mwanawe pembeni, akachuchumaa, akamweleza kitu, na mtoto akatikisa kichwa kukubali. Wakili alikunja joho lake. Diwani hakuwepo wala yule kijana wa chama. Mjadala ulikuwa umehamia kwenye sare za shule.

Safari hii Mzee Kabati hakupita. Aliacha faili wazi mezani, akatoka mbiombio mpaka ngazini, akawakuta wanashuka. Alinyoosha mkono. Bibi alifungua kiganja akampa uzi, wa kijivu, na fundo bichi. Lilifunguka kwa mara moja tu, hata akasikitika kidogo.

"Dada, niulize jambo la mwisho?"

"Uliza, si umeshajua njia."

"Mnapofunga, huwa mnasema nini moyoni?"

Alimtazama kama aliyeulizwa maji yana rangi gani. "Kwani wewe ukifunga kamba ya kiatu huwa unasema nini?"

"Sisemi kitu."

"Basi."

"Mimi husema mbili, nne, sita," alisema mjukuu.

"Wewe hukujifunza vizuri," bibi alimwambia. Aliuchukua uzi mkononi mwa Mzee Kabati, akamgeuza mtoto, akalivuta kola lake lililokuwa limekosa kifungo, akapima. "Huu unatosha. Tukifika nikushonee."

Akautia kwenye pochi. Walishuka ngazi zilizobaki, wakampita askari aliyesinzia, wakavuka lango. Pindo la gauni la bibi lilikuwa limelegea upande mmoja, pale ulipotoka uzi, na mtoto alikuwa anakanyaga kivuli chake kwa mguu wa soksi iliyoshuka. Kwenye kona waligeuka kushoto. Hiyo ndiyo mara ya mwisho Mzee Kabati kuwaona.